Barakoa zilikuja, nyuso hazikupimwa: tuwazungumzie wahudumu wa mstari wa mbele hapa Mombasa

Sista wa Kisauni (mwanzishi wa uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Kila mjadala wa korona hapa kwetu huishia kwenye mambo mawili, uhaba na wizi. Yote mawili ni kweli. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya ulimwenguni walihitaji barakoa za hospitali milioni 89 kila mwezi, na viwanda vilikuwa mbali na idadi hiyo. Mwezi huohuo Jack Ma alitangaza kuipa kila nchi ya Afrika barakoa 100,000. Ukizigawa kwa hospitali zote za Kenya, ni za kuisha upesi mno. Baadaye likaja sakata la KEMSA, shirika la serikali linalonunua dawa na vifaa vya hospitali, na vifaa vya shilingi bilioni 7.8, na Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wakagoma, vifaa vya kujikinga vikiwa miongoni mwa madai yao. Hayo yameandikwa sana, sina la kuongeza.

Langu ni jingine. Hata wakati N95, zile barakoa za kuchuja hewa zinazobana uso, zilipokuwepo stoo, hakuna aliyetupima. Mimi ni muuguzi, nilikuwa wodini kipindi chote kile. Katoni zilifunguliwa, kila mtu akapewa yake, akaambiwa avae aingie. Pale nilipokuwa mimi sikuona mwenzangu hata mmoja akipimwa kujua kama aina ile inamkaa usoni. Uhaba umekuwa kichaka cha kuficha jambo hili, na nataka tulitoe nje kabla ya janga lingine kubisha hodi. Mombasa ni mji wa bandari. Homa kubwa ya 1918 iliingia Kenya kwa kupitia hapahapa, ikapanda bara na reli. Likija jingine, sisi ni miongoni mwa watu wa kwanza kulipokea.

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vyenyewe, maana mitaani kila kitu ni "maski".

Barakoa ya hospitali, ile ya buluu yenye tabaka tatu, imetengenezwa kuzuia matone na majimaji, damu ikiruka, mgonjwa akikohoa karibu. Pembeni iko wazi. Ukivuta pumzi, sehemu ya hewa inapitia mashavuni bila kuchujwa. N95 ni kitu kingine. Ili ipewe jina hilo na taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, lazima kitambaa chake kizuie angalau asilimia 95 ya chembe za ukubwa wa mikroni 0.3. Hawakuchagua ukubwa huo kwa bahati. Chembe kubwa zinagonga nyuzi kwa uzito wake, ndogo kabisa zinatangatanga ovyo mpaka zinagonga. Zile za katikati ndizo sugu, ndiyo maana hupimwa hizo.

Na kinachonasa si nyuzi peke yake. Nyuzi za tabaka la ndani zimetiwa chaji ya umeme tuli, na chaji hiyo ndiyo huvuta chembe na kuzishika. Peter Tsai, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Tennessee aliyebuni njia ya kuzitia chaji, alikuwa amestaafu, akarudi kazini 2020 kutafuta namna ya kuzitumia tena bila kuziharibu. Ndiyo maana roho iliniuma kila nilipoona mtu akiipulizia N95 sanitaiza, au kuiloweka kwa sabuni aifue. Spiriti na sabuni zinaua ile chaji. Barakoa ukiitazama ni ileile, uwezo wake umekwenda.

Sasa nije kwenye kiini. Ile asilimia 95 ni ya kitambaa, haikuhusu wewe uliyevaa. Kama ukingo haukugusa ngozi pande zote, hewa hufuata njia rahisi na kuingia kwenye mwanya bila kuchujwa. N95 isiyokaa uso ni chandarua kisichochomekwa chini ya godoro. Unaweza kuwa na chandarua bora kuliko vyote Pwani nzima, na mbu watakuingilia.

Kuna njia ya kujua, ya kale na nyepesi. Mhudumu anavishwa kichwani kofia pana ya plastiki laini yenye dirisha mbele na tundu dogo. Kwanza bila barakoa, anapuliziwa mvuke mwepesi wa sakarini, sukari ile ya dawa, ili ihakikishwe kwamba ulimi wake unaipata. Kuna watu hawaipati kabisa, hao hutumia dawa chungu badala yake. Anakunywa maji, anavaa N95 yake, kofia inarudi kichwani, na safari hii mvuke ni mkali zaidi. Anapumua kwa mdomo, kwa kawaida. Kisha kwa nguvu. Anageuza kichwa kulia na kushoto, anainua na kuinamisha, anainama kiunoni, anazungumza. Kila zoezi dakika moja. Kwenye kuzungumza anaweza kuhesabu kurudi nyuma kutoka 100, au kusoma shairi analolijua kwa moyo, na hapa Mombasa mashairi hatukosi. Akisikia utamu ulimini wakati wowote, barakoa ile haimfai. Anapewa aina nyingine au saizi nyingine, wanaanza upya.

Marekani sheria ya kazi inataka kipimo hiki kabla mtu hajaanza kuitumia, kila mwaka, na kila aina ya barakoa inapobadilika. Sisi aina zilikuwa zikibadilika kila mzigo ukija, leo za kikombe, kesho za mdomo wa bata, keshokutwa KN95 za China za kuning'inia masikioni.

Na nyuso zetu nani alizifikiria? Wauguzi wengi ni wanawake, na wengi tuna nyuso ndogo. Kampuni ya 3M hutengeneza N95 yake iitwayo 1860 kwa saizi mbili, ya kawaida na ndogo yenye herufi S. Mimi hiyo S nimeiona kwenye picha tu. Mwenzangu mmoja mwembamba wa uso alikuwa akifunga fundo kwenye mkanda ili ibane. Mkanda ulibana kweli, ukamkata masikio, na bado akipumua miwani yake inafuka ukungu. Ukungu kwenye miwani maana yake hewa inatokea juu puani. Inakotokea ndiko inakoingilia.

Halafu kuna ushungi. Wengi wetu tunajisitiri, na hakuna mwongozo uliotuambia mikanda ikae wapi. Nitasema nilichokiona kinafaa: kofia ya ndani kwanza, ukingo wake uwe nyuma ya mstari wa nywele usije ukaingia chini ya barakoa. Kisha N95, mkanda wa juu utosini, wa chini nyuma ya shingo chini ya masikio. Ushungi uje juu ya yote, na uwe ushungi wa wodini, unaoachwa wodini. Ukivaa mikanda juu ya ushungi wa kitambaa laini, huteleza unapoinama kumgeuza mgonjwa. Nikabu si kinga ya pumzi, na wanaojua dini hawajawahi kusema hivyo. Ni sisi kwa sisi tulidanganyana.

Joto nalo. Aliyekaa na N95, glavu na vazi la plastiki mwezi wa Februari hapa kisiwani, feni imezimwa ili isisambaze hewa, anajua nasema nini. Jasho linachuruzika ndani ya barakoa, pua inachubuka, mtu anabandika plasta juu ya kidonda, na plasta ile ndiyo inafungua mwanya. Kama utavaa na plasta, upimwe na plasta.

Mwisho, nani aliyehesabiwa kuwa mstari wa mbele? Daktari na muuguzi, ndiyo, na hata sisi tulizika wenzetu. Daktari wa kwanza wa Kenya kufa kwa korona, Julai 2020, alikuwa daktari wa uzazi, Doreen Lugaliki, Mungu amrehemu. Lakini anayefagia wodi ileile, anayesukuma machela, anayeosha maiti, dereva wa ambulansi, hao walipewa ya buluu moja au waje na ya kitambaa kutoka nyumbani. Pumzi ni moja, chumba ni kimoja.

Naomba maoni, hasa ya waliokuwa kazini.

---

Mtu wa Feri

Sista, shukran kwa uzi. Mimi nilikuwa kazini kivuko cha Likoni mwaka ule. Watu waliona kwenye televisheni ile Ijumaa ya mwanzo wa kafyu, 27 Machi, watu wakipigwa vitoa machozi ili wajipange. Sisi tuliokuwa kwenye ngazi tulikuwa katikati. Feri inavusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, halafu unaambiwa kaa mbali na mwenzako. Wapi? Mpaka daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa Januari 2021 ndipo watu wa miguu wakapata pa kupumulia.

Barakoa tulinunua wenyewe, mjini. Swali langu: sisi tunaoelekeza watu pale nje na upepo wa bahari, tulihitaji hizo N95 au ni za hospitali tu?

---

Sista wa Kisauni

Kaka, nyinyi ni mstari wa mbele bila mjadala. Ila kwa kweli wakati ule wa uhaba N95 zilikwenda kwanza kwa anayevuta makohozi ya mgonjwa au kumwingiza mpira wa hewa kooni, kwa sababu kazi hizo hurusha chembe nyingi hewani, na chumbani hazina pa kwenda. Nje penye upepo hewa hutawanyika. Pale kwenye ngazi, barakoa ya hospitali iliyobana vizuri, waya umefinywa puani, na mbadala mfukoni ikilowa, ilikuwa kinga ya maana. Ndani ya kibanda cha tiketi kilichofungwa ningesema tofauti. Na ilikuwa haki yenu kupewa na mwajiri. Sheria ilimtaka kila mtu avae, faini mpaka 20,000 au jela miezi sita, iweje anayekuweka katikati ya umati akuachie ukajinunulie?

---

Fundi wa Biashara Street

Nami nichangie upande wa cherehani. Aprili ile harusi zilifutwa, leso zimejaa madukani, wateja hakuna. Tukaanza kushona barakoa. Wengi walishona tabaka moja la leso, mpaka mtu anaona tundu akiinua kwenye mwanga. Mimi nilimsikiliza binti yangu anayesoma mambo ya maabara. Nje nikaweka kitambaa cha poliesta, ndani pamba ya leso iliyofuliwa mpaka ikalainika, katikati kipande cha ile mifuko laini iliyokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku 2017. Ile mifuko ni ya polipropilini, nyuzi zimeshindiliwa bila kufumwa. Juni Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa tabaka tatu, karibu sawa na nilivyofanya.

Tatizo lilikuwa pua. Bila waya, barakoa inakaa kama hema. Nilitumia waya wa shaba wa mafundi umeme, ule wa uzi mmoja, nakata urefu wa kidole, nakunja ncha zote mbili ziwe kitanzi zisichome, nashonea kwenye pindo la juu. Mteja akiijaribu namwambia funika kwa viganja, pumua. Ukihisi upepo machoni, finya tena.

Wauguzi walikuja kununua kwangu, sista. Niliwauzia, lakini nikawaambia hii ni ya kwendea kazini na kurudi, wodini usiingie nayo.

---

Sista wa Kisauni

Mzee wangu, Mungu akubariki. Lile jaribio la viganja ndilo tunalofundishwa kufanya kila tunapovaa N95: funika, toa pumzi, kisha vuta, inatakiwa inywee kidogo kuelekea usoni. Wengine wanadhani hilo latosha badala ya kipimo cha sakarini. Halitoshi. Viganja vinakuambia umeivaa sawa leo. Kipimo kinakuambia kama aina hiyo ni ya uso wako.

---

Afisa Kliniki 001

Nakuheshimu dada, ila hapa tutofautiane. Nilikuwa kaunti nyingine ya Pwani. Kuna wiki tulikuwa na N95 moja kwa mtu, unaitundika kwenye mfuko wa khaki na jina lako, unarudi nayo kesho. Katika hali ile uniletee mtu na kofia ya plastiki anipulizie sukari, na kila anayeshindwa apewe aina nyingine? Aina nyingine itoke wapi? Tungeanza na kuhakikisha zipo. Kupima ni anasa ya wenye stoo zilizojaa.

Pia tusisahau tulichokuwa tunaambiwa. Machi 2020 Shirika lenyewe la Afya Duniani lilitangaza korona haienei hewani. Ilibidi wanasayansi 239 waandike barua wazi Julai ndipo likakubali kwamba ndani ya vyumba visivyo na hewa inawezekana. Miezi yote hiyo, wakubwa walikuwa na kisingizio cha kutupa za buluu.

---

Sista wa Kisauni

Kaka, hilo la Machi umesema kweli tupu, na liliumiza watu.

Kuhusu anasa, siafiki. Kofia moja na chupa mbili za dawa hupima hospitali nzima, idara kwa idara. Kofia hupanguswa ikatumika tena. Na faida yake kubwa iko kwenye ununuzi. Ukishajua kwamba wengi wa wauguzi wako wanakaliwa na saizi ndogo, zabuni inaandikwa hivyo, huagizi katoni za saizi ambayo itakaa usoni kwa theluthi ya watu na kuwadanganya wengine. Wakati wa uhaba ndio hasa hatuna haki ya kumpotezea N95 mtu ambaye haimkai. Mpe inayemkaa, huyu mwingine asipelekwe kwenye kazi ya kuvuta makohozi. Huo ni upangaji wa zamu tu, hauna gharama.

Mfuko wa khaki ulikuwa sawa, karatasi inapumua. Kilichokosekana ni mzunguko: CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilishauri mtu apewe tano, moja kwa siku, kila moja ipumzike siku tano kabla ya kuvaliwa tena, kwa sababu virusi vikikaa pakavu hufa vyenyewe. Lakini hata hiyo, mikanda ikishalegea hairudi.

---

Mwanafunzi wa Tiba MSA

Naongezea historia, mama zangu na kaka zangu. Mwaka 1910 tauni ya mapafu iliingia Manchuria. Daktari aliyetumwa Harbin, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, alisema ugonjwa unapita hewani kutoka pumzi hadi pumzi, akawavisha wahudumu barakoa za pamba na shashi zilizofungwa kwa kuzungushwa kichwani. Daktari Mfaransa aliyekuwa na jina kubwa kumliko, Gérald Mesny, hakukubali. Akaingia kwa wagonjwa bila barakoa, akaambukizwa, akafa siku chache baadaye. Watu kama 60,000 walikufa kabla tauni kuzimwa. Ukiangalia picha zao utaona ile shashi imezungushwa mara kadhaa mpaka imeshika mashavu. Walijua mapema kwamba pembeni ndipo penye hatari.

---

Abuu Tudor

Asalaam aleikum dada. Mimi nafanya kazi chumba cha maiti, sitaji wapi. Nafuga ndevu kwa sababu ya dini na sitazinyoa. Niliambiwa N95 haitanifaa, basi nikapewa ya buluu na kazi ikaendelea, maiti wa korona wanaingia. Mimi na wenzangu wawili. Kuna njia?

---

Sista wa Kisauni

Waaleikum salaam kaka yangu, na pole kwa kazi ile, ni wachache wanaoikumbuka.

Ni kweli ndevu zikipita chini ya ukingo hewa hupenya, hata ziwe fupi za siku mbili. Waliokupa ya buluu wakaondoka walikuwa na wajibu wa kukutafutia nyingine. Njia iliyo bora ni kofia yenye feni na betri kiunoni, inayovuta hewa kupitia kichujio na kuisukuma ndani kichwani. Haihitaji kubana uso, kwa hiyo ndevu hazina neno. Ni ghali, lakini moja inaweza kutumiwa na watu wa zamu tofauti ikisafishwa.

Nyingine ilitoka kwa madaktari wa meno wa Kisingasinga Uingereza, nao hawanyoi. Wanazifunika ndevu zote kwa mpira mwembamba wa mazoezi, ule unaovutika, kuanzia chini ya kidevu mpaka utosini wanapoufunga, uso unakuwa laini, kisha barakoa inakaa juu ya mpira. Inaitwa Singh Thattha. Waliijaribu kwa kipimo na wengi wao wakafaulu. Lakini usiifanye nyumbani ukajiamini. Lazima upimwe nayo, ileile sakarini, kofia ileile.

Na kwa maiti asiyepumua tena, hatari kubwa ni pale mnapomgeuza hewa ikatoka kifuani, na mnapoosha maji yakaruka. Ngao ya uso ivaliwe juu ya chochote ulicho nacho, madirisha yawe wazi.

---

Mtu wa Feri

Na feki je? Mjini ziliuzwa N95 kwa bei ya samaki.

---

Sista wa Kisauni

N95 iliyoidhinishwa na NIOSH ina mikanda miwili ya kichwani, haina ya masikioni. Juu yake kumeandikwa NIOSH, herufi zikiwa sawasawa, na namba ya idhini inayoanza na TC-84A. Ikiwa imepambwa maua au imeandikwa ya watoto, si yenyewe. KN95 ya China huwa na ya masikioni, hiyo si feki kwa sababu hiyo peke yake, ila kwa uzoefu wangu hulegea upesi zaidi kwa uso mdogo.

Aliyeko hospitali yoyote hapa Mombasa, Kilifi au Kwale, na ambaye kwenu mnapima, tafadhali aandike hapa mnatumia aina gani na nani aliwafundisha. Usitaje jina la hospitali kama unaogopa. Wifi yangu anafanya kazi maabara ya kifua kikuu, huko N95 inahitajika kila siku, korona iwepo isiwepo, naye bado hajapimwa.

---

Afisa Kliniki 001

Kofia ya kupimia ipo hapa kwetu, dada. Nimeulizia asubuhi hii. Iko kabatini ofisi ya udhibiti wa maambukizi, bado imo kwenye mfuko wake, dawa ya sakarini imepitwa na tarehe. Nimeomba chupa mpya ziagizwe na nimejiandikisha wa kwanza. Nitarudi kusema kama hiyo ninayovaa ilinikaa.